Elfu Ishirini Ambayo Haikuwa Bei

Vijana wangu, mmekuwa mkiniuliza grupuni, mara kwa maandishi, mara kwa sauti: "Babu, programu ya zamani inauzwaje?" Mnauliza kama mtu anayeulizia nauli ya kwenda Mlimba. Mnataka namba. Namba ninazo nyingi, lakini moja kati ya hizo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, bila kuongeza wala kupunguza, na ilipotosha watu. Sikumdanganya mtu. Ndiyo sababu naona niwaeleze kwa kirefu. Mwongo watu wanamjua, wanajihadhari naye. Mkweli akikosea, wanamfuata mpaka shimoni.

Kwa wasionijua, mimi ni Longino, fundi mstaafu wa mashine za kuchapa na kompyuta hapa Ifakara. Shule niliishia darasa la saba. Kibanda changu kilikuwa jirani na stesheni, nikakifunga macho yalipoanza kugoma kuona skrubu ndogo. Kilichobaki ni meza moja katika chumba cha uani, kompyuta moja nzito yenye draivu ya disketi inayofanya kazi, na hili grupu letu la simu la wapenzi wa kompyuta za zamani. Hatufiki hamsini. Wengine wako Dar, wengine Mbeya na Arusha, na wa huku bondeni tuko watatu. Tunatafuta zile programu zilizokuja kwenye maboksi pamoja na vitabu vyake, tunauziana, tunabadilishana, na tunagombana kidogo ili siku ziende.

Wajukuu zangu wanacheka. "Babu, nani anunue programu ya kuandikia barua wakati simu inaandika bure?" Huwa nawajibu: nani ananunua ngoma wakati redio ipo?

Kazi niliifundishwa na marehemu Fundi Kasiani, mtu wa Mahenge, aliyekuwa akitengeneza mashine za kuchapa za ofisi zote za wilaya. Alikuwa na sheria moja tu ya bei: usiitaje mikono ikiwa safi. Maana yake ufungue kwanza, ushike, uchafuke, ndipo useme. Siku moja nilimtajia karani bei ya kutengeneza mashine nikiwa nimesimama mlangoni, sijaigusa. Tulipoifungua tukakuta panya amezaa ndani, watoto sita. Fundi Kasiani akaniambia, "Haya, wahesabie na hao kwenye bei yako." Nikafanya kazi ya siku mbili kwa malipo ya nusu saa.

Sheria hiyo ndiyo ninayoitumia mpaka leo kwenye programu. Boksi zuri halisemi kitu. Kuna boksi limeng'aa kama la sikukuu, ndani disketi zote zimekufa. Kuna boksi limeliwa na mchwa pembe mbili, ndani disketi zinasoma kama zimetoka kiwandani jana. Kwa hiyo tunauliza: inasoma? Kitabu kipo? Ile kadi yenye namba ipo? Maana bila namba programu nyingi zinakataa kuingia kwenye mashine, na hapo umenunua plastiki. Na je, ni orijino au ni kopi? Kopi haina bei kwetu. Kopi unampa mwenzako kumsaidia, unaandika KOPI kwa wino mwekundu, na akitaka kukushukuru akuletee ndizi.

Huku kwetu adui ni unyevu. Masika yakikolea bondeni, hata kitanda kinaota ukungu, sembuse disketi. Ujana wangu uliniponza hapo. Ofisi moja iliniletea disketi nane za programu yao nizijaribu. Ya kwanza ilikuwa na vidoa vyeupe, sikuangalia, nikaisukuma ndani ya draivu. Haikusoma. Nikatia ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Hakuna iliyosoma. Nilichokuwa nikifanya ni kuchukua ukungu wa ile ya kwanza na kuwapaka wenzake wote kwa kichwa cha draivu, kama kideri kinavyopita kwenye banda la kuku. Mke wangu Leokadia alinitazama nilivyokaa na disketi nane zilizokufa mapajani, akaniletea chai. "Umesoma kitabu kizima," akasema, "kwa kidole chenye matope."

Nilikwenda ofisini kwao nikawaambia kilichotokea. Walikasirika, kisha wakaniletea mashine nyingine. Tangu siku hiyo disketi ya mtu naifungua kidirisha kwanza, naizungusha taratibu kwa kidole katikati, naiangalia kwenye mwanga. Nikiona vidoa, pamba na spiriti, ile isiyo na manukato. Na kichwa cha draivu nakisafisha kila baada ya disketi moja, hata kama zinafanana kama mapacha. Lakini elezeni vizuri mnapomwelekeza mtu. Nilimwambia mteja mmoja aikaushe disketi yake, akaenda kuianika kwenye jamvi pamoja na mpunga. Ilirudi imejikunja kama sambusa, na alama ya mguu wa kuku juu yake.

Leokadia ndiye aliyekuwa mbele ya kibanda, mimi nyuma. Yeye aliuza karatasi, kaboni na riboni, na yeye ndiye aliyetaja bei hata za kazi zangu, kwa kuwa mimi nikitazamwa usoni nashusha. Nilimuuliza mara moja anajuaje kwamba bei ni ya haki. Akaniambia, "Mkikutana sokoni kesho, asiwepo wa kuvuka barabara kumkwepa mwenzake." Sijasoma vitabu vya uchumi, lakini sidhani kama vina maneno mafupi kuliko hayo.

Nimeyajaribu maneno hayo hata shambani. Nilikuwa nimevuka daraja la Kivukoni kwenda kumsalimu ndugu yangu, nikaona shamba la mpunga limezungushiwa kamba, na kwenye kamba zimening'inizwa CD za kufukuzia ndege. Moja ilikuwa na picha na maandishi. Nikasogea. Ilikuwa kamusi ya picha, orijino, ambayo watu wa grupu wanaililia. Mwenye shamba, Masanja, alikuwa amekaa kwenye kichanja chake.

"Ndugu yangu, ile sahani ya tatu naweza kuinunua?"

"Zote ziko kazini," akasema Masanja. "Na hiyo ndiyo kali. Ndege wa upande ule wanaiogopa kuliko wanavyoniogopa mimi."

"Unaiuza ngapi?"

"Nipe elfu tano."

"Ikisoma kwenye kompyuta ni elfu thelathini," nikamwambia. "Isiposoma ni ya kufukuzia ndege tu."

Alishuka kichanjani kuja kunitazama vizuri. "Wewe mnunuzi wa wapi? Mimi nashuka, wewe unapanda?"

Tukakubaliana niichukue, nimwachie kumi mbovu zinazong'aa zaidi, na ikisoma nirudi na thelathini. Haikusoma. Jua na upepo vilikuwa vimeikwaruza kama mgongo wa punda. Nikampigia simu kumweleza, akasema, "Basi irudishe, ndege wameshaanza kuniulizia." Niliirudisha. Mpaka leo tukikutana hakuna anayevuka barabara.

Sasa nije kwenye ile elfu ishirini.

Grupu letu lina daftari la bei, na mnajua kwamba mwandishi wake ni mimi. Anayenunua ananiambia amenunua nini na kwa bei gani, naandika, na Jumapili baada ya misa napiga picha ukurasa nautuma. Vitu vyetu ni adimu, pengine kimoja kinauzwa mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo bei ya mwisho kuandikwa ndiyo inakuwa sheria. Mlinichagua kwa kuwa mlisema mimi siongezi chumvi. Ni kweli, siongezi. Ila kuna chakula ambacho hukutakiwa kukipakua kabisa.

Masika ya mwaka juzi Leokadia alifariki. Wengi wenu hamkujua. Niliendelea kuwatumia salamu asubuhi, niliendelea kuandika bei. Nilipokea pole za majirani, za jumuiya, za kwaya, na kila pole ilinirudisha makaburini. Ikafika mahali nikaona zatosha.

Rafiki yangu Mwalimu Ewald hakuwahi kufika kwenye mazishi. Yeye ni mstaafu wa huko Mang'ula, alikuwa akifundisha kuchapa sekondari, na urafiki wetu ulianza alipokuwa akiniletea mashine za shule kwa treni. Wiki ile ya msiba mguu wake ulikuwa kwenye plasta. Miezi ilipopita nikaenda kumjulia hali. Baada ya chai akatoa bahasha mfukoni mwa shati.

"Longino, hii ni ya msiba. Ya kupeleka kwa simu sikuitaka. Rambirambi hupelekwa kwa mkono."

"Mwalimu, weka," nikamwambia. "Daftari la msiba limeshafungwa."

"Longino."

"Weka, Mwalimu. Tafadhali."

Akaiweka. Tukaongea habari za mpunga. Baada ya muda akaingia chumbani, akatoka na boksi. Ilikuwa seti ya kujifunzia kuchapa, disketi sita, kitabu cha jalada la bluu na kadi yake. Nilikuwa nimeitafuta seti ile miaka.

"Nataka kupunguza vitu ndani," akasema. "Nipe elfu ishirini."

"Hiyo ni ndogo. Boksi na kitabu tu vinafika arobaini."

"Unaona lilivyo na ukungu? Nimesema ishirini. Sasa unataka kunifundisha kuuza vitu vyangu?"

Nikatoa ishirini. Nilipofika nyumbani nikazichunguza disketi moja moja, nikazipitishia pamba kidogo, nikazijaribu. Zote sita zikasoma. Nikampigia.

"Mwalimu, zinasoma zote! Nakuongezea."

"Umezisafisha wewe, hilo ni jasho lako. Bei ni bei." Akakata simu.

Mtu mzima amesema bei ni bei. Jumapili nikaandika daftarini: Seti ya kuchapa, kamili, disketi sita zinasoma, elfu ishirini. Nikapiga picha, nikatuma. Nilijisikia mwema kabisa.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, akanipigia Rehema wa Sanje. Wengi mnamjua kwa michezo ya zamani anayokusanya. Kwa wengine, ni fundi wa simu mwenye kibanda pale barabarani, katikati ya wauza ndizi.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Sanje hamjambo?"

"Hatujambo. Babu, nakujulisha uandike. Nauza ile seti yangu ya kuchapa kwa Kaka Elibariki wa Arusha. Elfu ishirini na tano. Boksi linaondoka na basi Ijumaa asubuhi."

Ilikuwa seti kama yangu. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, chuo kimoja cha kuchapa kilipofunga milango.

"Mbona unaiuza?"

"Nataka mashine ya kubadilishia vioo vya simu, Babu. Wateja wakivunja kioo wananipita hivihivi wanakwenda Ifakara. Kuna mtu ananiuzia iliyotumika, laki moja. Nilidhani seti ingenifikisha, lakini Elibariki akanitumia picha ya daftari lako. Anasema na hiyo tano amenihurumia." Akacheka kidogo. "Kama angekuwa ameandika mtu mwingine ningebisha. Wewe huongezi chumvi."

Nilikata simu nikakaa. Namba ilikuwa sahihi. Nililipa ishirini, niliandika ishirini. Lakini fundi anajua mashine inapolia tofauti hata kama haijasimama. Mwalimu Ewald, aliyekuwa akihesabu riboni za shule moja moja mbele yangu, tangu lini akauza kitu kwa nusu ya bei na kumgombeza mnunuzi anayetaka kuongeza? Na mimi, niliyefundishwa kuchafua mikono kabla ya kutaja bei, nilikuwa nimeandika bei bila kumfungua aliyeitoa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Mang'ula.

"Mwalimu," nikamwambia kabla sijakaa vizuri, "ile seti, ulijua inasoma?"

"Kwani wewe ulijua haisomi?"

"Ulisema ina ukungu."

"Nilikuonyesha boksi. Boksi si lilikuwa na ukungu?"

Mkewe, Mama Gaudensia, akaita kutoka jikoni: "Mwambie huyo mtu ukweli! Amekuja na jua lote hili!"

Mwalimu akatazama mguu wake. "Nilizijaribu zote kwenye kompyuta ya mwanangu kabla hujaja," akasema. "Kuna bwana wa Dar alikuwa tayari kunipa laki moja na nusu. Longino, mimi sikukuuzia. Nilikuja msibani. Ulinifungia mlango, nikapitia dirishani."

Hapo ndipo nilipokaa vizuri.

"Ile ishirini niliichukua kwa kuwa ningekupa bure ungekataa. Nakujua."

"Mwalimu," nikasema, "mimi nimeiandika kwenye daftari la bei."

Akaweka kikombe chini. "Umeandika rambirambi kwenye daftari la biashara?"

"Nimeandika. Na picha nimetuma."

Alianza kucheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakohoa. Mama Gaudensia akatoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akakaa kwenye ngazi akicheka. Nami nikajikuta nacheka. Nilikuwa sijacheka tangu msiba ule utokee, na sikujua kama inaruhusiwa.

Mwalimu ndiye aliyenyamaza wa kwanza. "Nani ameumia?"

"Binti wa Sanje. Anauza ya kwake kesho kwa bei hiyo."

"Sasa unakaa hapa unafanya nini?"

"Nikieleza, watajua ulinipa. Halafu nataka nikurudishie..."

"Waache wajue. Lakini ukinirudishia hata shilingi, utakuwa umenifukuza msibani mara ya pili."

Kwa hiyo sikurudisha. Naandika hapa ili asiwepo atakayesema Longino alikula cha mtu. Nilipewa.

Nilichukua pikipiki mpaka Sanje. Rehema nilimkuta kibandani amepiga magoti, boksi liko ndani ya mfuko wa sandarusi, analizungushia kamba.

"Babu! Shikamoo! Umekuja kulipeleka basini mwenyewe?"

"Marahaba. Fungua hiyo kamba, mwanangu. Bei yangu si bei."

"Umeandika mwenyewe."

"Nimeandika, na ilikuwa rambirambi. Mwenye seti alitaka kunifariji, akajifanya ananiuzia. Mimi sikuelewa, nikaandika."

Akaacha kamba. "Rambirambi ya nani?"

"Ya mke wangu. Alifariki masika ya mwaka juzi."

Mama mmoja akasimama na simu iliyopasuka kioo, Rehema akamwomba asubiri kidogo. "Babu, mwaka juzi? Kila asubuhi ulikuwa unatutumia salamu na picha ya ua."

"Maua hayakukoma," nikasema. "Leta laptopu."

Huwa natembea na draivu ndogo ya kuchomeka kwa waya, pamba na spiriti. Tukaanza. Ya kwanza ikasoma, nikasafisha kichwa. Ya pili ikasoma, nikasafisha. Ya tatu ikasoma. Rehema alikuwa ameanza kutabasamu. Ya nne nilipoizungusha kwenye mwanga nikaona mkwaruzo wa mviringo, mwembamba kama unywele. Tukaijaribu mara tatu, ikatoa ule mlio wa panya anayetafuna. Imekufa. Ya tano na ya sita zikasoma.

"Babu," akasema Rehema, mkono kiunoni, "hivi umekuja kunipandishia bei au kunishushia?"

"Nimekuja kuitafuta."

"Haya, tafuta. Ila itafute kwa juu juu."

Tukampigia Elibariki, simu ikiwa kwenye spika.

"Mzee wetu! Boksi limeshapakiwa?"

"Bado, mwanangu. Nimekupigia kukuambia kwamba ile bei yangu haifai kufuatwa."

"Ah, Mzee! Wewe mwenyewe uliiandika! Tukianza kufuta bei kila mtu anapotaka kupandisha, daftari lina kazi gani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Nikamweleza yote, na mara hii sikutafuta maneno ya kuzungukia.

"Pole sana, Mzee," akasema Elibariki. "Mbona hukutuambia?"

"Ilikuwa vigumu."

"Pole. Sasa bei ni ngapi?"

"Sijui. Nyie mseme, mimi nitaeleza kilichopo. Disketi tano zinasoma, nimezijaribu sasa hivi. Ya nne imekufa. Kitabu ni kizima, ila wanafunzi wameandika majina ukurasa wa kwanza. Kadi ipo. Ya nne nitakutengenezea kutoka kwenye seti yangu, ikiandikwa KOPI kwa wino mwekundu. Hiyo ni nyongeza, haina hesabu."

"Laki na ishirini," akasema Rehema papo hapo.

"Wewe dada, disketi imekufa! Sitini."

"Sitini? Kwa majina ya wanafunzi peke yake ungelipa sitini. Ukiyasoma unaisikia mashine."

"Sabini na tano."

"Kaka, mimi nitakaa nayo. Mwaka kesho utaikuta laki mbili."

"Mzee, unamsikia?"

"Namsikia," nikasema. "Nasikiliza tu."

Walifika tisini. Rehema akaongezea kwamba nauli ya boksi ni juu ya mnunuzi, Elibariki akalalamika kwamba atamalizwa na watu wa bondeni, akacheka, akatuma pesa tukiwa bado tunaongea. Rehema akatazama ujumbe wa pesa, akamwita yule mama mwenye kioo kilichopasuka. "Mama, kaa nayo hivyohivyo wiki hii. Usiende nayo Ifakara. Nitakitengeneza hapahapa."

Jumapili ile mliona ukurasa umebadilika. Sikuifuta ishirini, niliipiga mstari ili ionekane kwamba ilikuwepo na kwamba nilikosea. Nikapiga na mstari wa kusimama pembeni, nikaongeza safu ya tatu: kwa nini. Sasa kila bei ina neno lake. Mmoja wenu wa Mbeya ameandika, "Elfu kumi, alikuwa anahama, haikuingia kwenye gari." Mwingine, "Laki mbili, tulishindana kwa hasira, msitufuate." Hilo la pili nimelipenda sana. Bei bila sababu yake ni kama disketi ambayo hujaifungua kidirisha. Kabla hujataja ngapi kwa mtu mwingine, muulize aliyeuza aliuzia nini, na ujiulize wewe ulinunulia nini. Mkiona haya kuuliza, mtaandika makosa yenu kwa mwandiko mzuri kama nilivyofanya mimi.

Lakini siku ile ya Sanje haikuishia kwenye simu. Tulifunga boksi upya, mara hii kwa karatasi kavu ndani, mfuko wa plastiki juu, na kipande cha boksi gumu kila upande ili lisibonyee chini ya mizigo. Nikanawa spiriti mikononi. Rehema akanunua ndizi za kuchoma kwa jirani, akanisogezea kigoda kivulini.

"Babu," akasema, "mama alikuwaje?"

Katika miaka miwili niliambiwa pole na watu wengi kuliko ninavyoweza kuwataja. Nilishikwa mkono, niliombewa, nilipewa. Hakuna aliyeniuliza alikuwaje.

Nikaanza na siku alipomuuzia bwana mmoja mkubwa wa ofisi karatasi za kaboni, yule bwana akaziweka upande wa wino ukiangalia juu, akachapa barua tatu nzima, akarudi kulalamika kwamba kaboni hazifanyi kazi. Leokadia akazigeuza zile barua, akamsomea maneno yake yote yalivyojichapa kinyumenyume mgongoni mwa karatasi, taratibu, kwa sauti ya kanisani. Rehema alicheka mpaka ndizi ikamtoka mkononi. Nikamwambia la pili, na la tatu. Basi la Ifakara likaja likapiga honi, kondakta akanipungia mkono akiuliza kama napanda. Nikamwashiria apite.